Kutoka Meza ya Mashtaka hadi Kiti cha Jaji

Sikilizeni, wanangu. Mahakamani kuna meza mbili zinazomtazama jaji. Moja ni ya wakili anayemtetea mshtakiwa. Ya pili ni ya mwendesha mashtaka, yule anayesimama kwa niaba ya dola na kusema: huyu ametenda kosa, na ushahidi ni huu hapa. Sasa mtu aliyezoea kushtaki miaka nenda miaka rudi, je, anaweza kuhamia kiti cha juu akaamua bila kupendelea meza yake ya zamani?

Nitawapa habari za Sonia Sotomayor. Alikulia Bronx, New York, katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Wazazi wake walitoka Puerto Rico. Akiwa na miaka 7 aligundulika ana kisukari, akajifunza kujichoma sindano ya insulini mwenyewe. Alipofika miaka 9, baba yake akafariki.

Sonia alipenda tamthilia ya televisheni ya wakili mmoja hodari, Perry Mason, ambaye ni nadra kushindwa. Lakini macho yake yalimwangalia pia mwendesha mashtaka, yule anayeshindwa karibu kila mara. Siku moja mtu huyo aliulizwa kama haumii kuona mashtaka aliyoyahangaikia yanafutwa. Akajibu kwamba haki hutendeka mwenye hatia anapotiwa hatiani, na hutendeka vilevile asiye na hatia anapoachiwa. Jibu hilo Sonia hakulisahau. Mwaka 2009, alipohojiwa na maseneta wa Marekani kwa ajili ya kiti cha Mahakama ya Juu, alilisimulia.

Mwaka 1979, akitoka kusomea sheria Yale, aliajiriwa katika ofisi ya mashtaka ya Manhattan chini ya Robert Morgenthau. Mgeni hakabidhiwi kesi ya mauaji. Alianza na makosa madogo kama wizi wa madukani, majalada yakirundikana mezani, kisha akapandishwa hadi makosa makubwa. Huko, raia 12 wa kawaida ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Sonia alishindwa kesi mbili mfululizo, akaenda kwa mkuu wa kitengo chake kuuliza tatizo liko wapi. Akaambiwa: unawapangia hoja zikapangika, lakini huwafanyi waone kwamba kumtia mtu huyu hatiani ndilo jambo la haki. Kumpeleka mtu jela ni mzigo, na raia hao lazima wakubali kuubeba.

Baadaye akawa miongoni mwa walioendesha kesi ya “Tarzan”, mwizi muuaji aliyeingia kwenye nyumba za ghorofa kwa kuning'inia kwenye kamba. Alitiwa hatiani mwaka 1983.

Mwaka 1984 Sonia aliacha kushtaki, akajiunga na kampuni ya mawakili wa biashara. Alipambana, pamoja na mengine, na waliouza mikoba bandia yenye jina la Fendi. Mimi naona miaka hiyo ilimwandaa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu jaji hasikilizi wezi peke yao. Kuna mikataba, hakimiliki, madeni. Rais George H. W. Bush alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, na mwaka 1992, akiwa na miaka 38, Seneti ikamthibitisha. Mwenyewe amesimulia kwamba mara ya kwanza kuketi kwenye kiti cha jaji, magoti yake yaligongana chini ya meza.

Hata Tanzania njia hiyo ipo: Eliezer Feleshi alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka kabla ya kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na baadaye Jaji Kiongozi.

Anayehama hivyo hubeba ujuzi wa ushahidi na wa mashahidi wanaobabaika. Anachotakiwa kuacha nyuma ni hamu ya kushinda. Na kama kesi iliwahi kupita mikononi mwake, anajiondoa, mwenzake anaisikiliza.

Mnataka kuona kama Sonia aliiacha hamu hiyo? Mwaka 2016, akiwa sasa jaji wa Mahakama ya Juu, ilifika huko kesi ya mtu wa Utah aliyesimamishwa na polisi bila sababu halali. Polisi akagundua kuna hati ya zamani ya kumkamata kwa kosa dogo la barabarani, akampekua, akakuta dawa za kulevya. Majaji 5 wakasema ushahidi huo unafaa kutumika. Watatu wakakataa, na mmoja wao alikuwa huyo mwendesha mashtaka wa zamani. Aliandika kwa ukali kuhusu watu wanaosimamishwa barabarani pasipo kosa, na jinsi wasio weupe wanavyoathirika zaidi.