Mbwa wa kazini: Tumfurahie, lakini tumchanje kwanza

Msomaji wangu, wiki hii nataka tuzungumze juu ya mfanyakazi mmoja asiyepokea mshahara, asiyesaini kitabu cha mahudhurio na asiyejua likizo. Utamkuta getini mwa hoteli za Nungwi na Kiwengwa, kwenye maghala, kwenye nyumba zinazojengwa, na pembeni mwa kiti cha mlinzi wa usiku. Mfanyakazi huyo ni mbwa.

Najua wapo watakaotaka kufungua ukurasa mwengine. Kwetu Unguja mbwa si mnyama wa kupakatwa. Mji Mkongwe ni mji wa paka: wanalala barazani, wanangoja vichwa vya samaki Malindi, wanaingia dukani na kutoka bila ya kuulizwa. Mbwa tunamweka mbali, kwa sababu ya twahara na kwa mazoea tuliyokulia. Hata hivyo hatujawahi kuishi bila ya yeye. Wasasi wa vijijini wanatoka naye kuwasaka nguruwe wanaoharibu mihogo, mkulima anamweka shambani, na mlinzi anamtegemea usiku. Siku hizi pia wapo wenzetu kutoka bara na nchi za nje wanaokwenda naye kazini kila asubuhi. Ukipenda usipende, mbwa yupo kazini. Kilichobaki ni kujua tuishi naye vipi bila ya kuumizana.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ya mtoto mmoja.

Baba alikuja na binti yake wa miaka minane. Mtoto alikuwa na homa na mafua, jambo la kawaida. Nilipompima nikaona alama nne juu ya kifundo cha mguu, zimeanza kukauka, zimepakwa bizari. Nikamuuliza baba, "Hiki nini?" Akasita kidogo, kisha akasema, "Mbwa, daktari. Lakini si mbwa wa njiani, ni wa kazini kwetu. Tunamjua."

Baba huyu ni mlinzi wa usiku. Binti yake alimpelekea chakula, akamkanyaga mbwa mkia gizani, naye akamuuma. Hilo lilikuwa siku sita nyuma. Hawakwenda hospitali kwa sababu mbwa ni mpole, na kwa sababu baba aliogopa kazi yake: asingetaka ionekane kuwa analeta mtoto kazini. Nikauliza, "Mbwa amechanjwa?" Hajui. "Yuko wapi sasa?" Akanyamaza. "Ametoweka. Leo siku ya tatu hatumuoni."

Msomaji, hapo ndipo niliposimama kutoka kwenye kiti changu.

Kwa nini niliogopa

Kichaa cha mbwa kinakaa ndani ya mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia mwilini kwa kuumwa, kukwaruzwa, au mate kugusa kidonda, jicho au mdomo. Kisha kinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kufika mwaka. Muda wote huo mgonjwa hana dalili yoyote. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji, kushindwa kumeza au kuweweseka, hatuna dawa ya kumrudisha. Karibu kila anayefikia hapo hufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila vifo 100, 99 vinatokana na mbwa. Na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mbwa anayeambukiza kwa mate yake hadumu. Ndiyo maana anapomuuma mtu tunataka awekwe chini ya uangalizi siku kumi. Akibaki mzima siku zote hizo, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku alipouma. Mbwa wa baba yule alionekana siku tatu tu baada ya kuuma, kisha akatoweka. Pengine aligongwa na gari, pengine alifuata jike. Pengine alikwenda kufa. Sikuwa na njia ya kujua, na kwa ugonjwa huu hatubahatishi. Binti akaanza sindano siku ile ile.

Raha ya mbwa kazini si uzushi

Kabla hujaamua kuwa ninataka mbwa wote wafukuzwe, nisikilize upande wa pili.

Marekani, tangu mwaka 1999, kuna siku maalumu ya kwenda na mbwa kazini. Inaangukia Ijumaa ya mwezi wa Juni. Kwetu Ijumaa ni siku ya kanzu safi na udi, kwa hivyo hiyo tuwaachie wenyewe. Lakini fikra yake ina msingi. Mwaka 2012 watafiti wa Virginia Commonwealth University walitoa matokeo ya utafiti wao kwenye kampuni moja ya vyombo vya mezani huko North Carolina, ambako wafanyakazi wanaruhusiwa kuja na mbwa. Waliokuwa na mbwa wao kazini walieleza kuwa msongo wa mawazo ulipungua kadiri siku ilivyokwenda. Waliowaacha nyumbani, na wasiofuga kabisa, ulizidi. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini mlinzi yeyote wa usiku atakwambia jambo hilo hilo: usiku ni mfupi ukiwa na mwenzako.

Basi kama kazini kwenu yupo mbwa, hizi ni njia za kuwa naye kwa furaha na kwa usalama.

Fanyeni siku yake. Chagueni siku moja ya mwaka, muiteni daktari wa mifugo, na kila mfanyakazi mwenye mbwa aje naye. Achanjwe dhidi ya kichaa, apewe dawa ya minyoo, atolewe kupe. Mpigeni picha, muandike jina lake na tarehe ya chanjo kwenye kadi, muitundike kibandani kwa mlinzi. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inafaa sana. Kama hamjui pa kuanzia, ulizeni kwa sheha au ofisi ya mifugo ya wilaya. Chanjo inarudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka.

Mpeni mahali pake. Kivuli, bakuli la maji, mkeka mkuukuu. Wafanyakazi wakijenga kibanda pamoja hiyo yenyewe ni burudani ya mchana mmoja. Mbwa anayefungwa kutwa kwenye jua bila ya maji huwa mkali, na hilo si kosa lake. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande na kumchoma tumboni. Na anapokula au kulala, asisumbuliwe na mtu.

Wekeni zamu ya matembezi. Nusu saa ufukweni maji yakiwa yametoka, siku tano za wiki, zinakupa dakika 150, kiasi kile kile tunachowaambia wagonjwa wa sukari na presha watembee kila wiki. Mbwa atakukumbusha kuliko daktari wako. Chukueni mfuko wa kuokotea kinyesi. Nitaeleza sababu yake.

Wafundisheni watoto mchezo wa mti. Mbwa akimjia mtoto, mtoto asikimbie wala asipige kelele. Asimame kama mnazi: miguu pamoja, mikono imeshuka, macho yanatazama chini. Mbwa atanusa na kuondoka. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, afunike masikio na shingo kwa mikono. Chezeni nyumbani, mmoja awe mbwa, wengine miti. Watoto wangu walicheka mpaka wakachoka, na wanaukumbuka mpaka leo.

Msimlazimishe asiyetaka. Mfanyakazi anaweza kukataa kumgusa mbwa kwa sababu ya ibada yake, kwa woga, au kwa sababu ana pumu na manyoya yanamsumbua. Zote ni sababu za heshima. Mbwa asiingie jikoni, chumba cha kusalia, wala zahanati. Mimi si sheikh, na masuala ya twahara muulize anayejua. Ninachokumbuka kutoka chuoni ni kuwa mwalimu alitusomesha kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumweka mbali hakujatupa ruhusa ya kumpiga mawe.

Kuna na minyoo

Kila msimu naona wagonjwa wenye mstari mwekundu unaopinda kama njia ya nyoka kwenye unyayo au makalio, unawasha hasa usiku na unasogea siku hadi siku. Wengi wanafikiri wamerogwa au wamekanyaga kitu. Ni kijinyoo kichanga cha mbwa au paka kilichotoka kwenye kinyesi mchangani, kikaingia kwenye ngozi na kupotea njia. Dawa zake zipo na zinasaidia haraka. Usiukwaruze kwa wembe wala kuuchoma kwa barafu au moto. Kinga yake ni kuokota kinyesi, kumpa mnyama dawa ya minyoo mara kwa mara, na kulala juu ya mkeka badala ya mchanga mtupu.

Wapenzi wa paka, nanyi msicheke. Paka pia anaweza kupata kichaa na kukiambukiza kwa kuuma au kukwaruza. Na mama mjamzito asisafishe choo cha paka. Amwachie mwengine, au avae glavu na anawe vizuri, kwa sababu kuna kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ukiumwa, fanya haya

Kwanza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa. Sisi tuliozoea kuosha mara saba palipoguswa na mbwa hatupaswi kuona dakika 15 ni nyingi. Kuosha huku peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya virusi.

Pili, usitie kitu. Si bizari, si majivu, si mafuta ya taa, si kahawa. Kidonda kisishonwe haraka haraka, mwache daktari aamue.

Tatu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama unamjua mbwa. Ukichelewa, nenda tu. Maadamu dalili hazijaanza, sindano bado zina maana.

Nne, maliza dozi. Wengi wanaogopa kwa sababu wamesikia habari za sindano ishirini na moja za tumboni. Hayo yalikuwa zamani. Leo ni sindano chache za mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo, ya kwanza siku unayofika, kisha siku ya tatu, ya saba, na kwa ratiba nyengine mpaka wiki ya pili au zaidi. Jeraha likiwa limetoboa ngozi unaweza pia kudungwa kinga nyengine palepale kwenye jeraha. Mjamzito na anayenyonyesha wanachomwa bila ya wasiwasi.

Tano, toa taarifa kwa sheha na kwa watu wa mifugo. Msimuue mbwa kwa hasira. Akifungwa na kutazamwa siku kumi ndipo tutakapojua.

Ndugu zetu wa Pemba wametuonesha kuwa inawezekana. Kwa kuchanja mbwa kwa wingi waliutokomeza ugonjwa huu kisiwani kwao. Ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, na kufika mwisho wa 2018 ukawa umekatika. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa pa kupita.

Binti yule alimaliza sindano zake zote. Sasa hajambo, anakwenda skuli, na aliponiona mara ya mwisho alinionesha alama nne nyeupe kana kwamba ni tuzo. Mbwa hakuonekana tena. Baba aliniuliza, "Kwa hiyo alikuwa na kichaa au hakuwa nacho?" Nikamwambia sijui, wala hatutajua kamwe. Akafikiri kidogo, akasema, "Chanjo ya mbwa mmoja ingetupumzisha wote."

Na wewe, kesho ukifika kazini, muulize mlinzi swali moja tu: huyu mbwa wetu alichanjwa lini? Akikosa jibu, ndiyo pa kuanzia.