Prosesa ya kompyuta: kabla ya kulipia kasi ya ziada, haya ndiyo ya kujua

Mtu anayeingia katika duka la kompyuta mjini Goma, Bukavu ao Bunia hukutana na swali lile lile: i3, i5 ao i7? Muuzaji huonyesha kibandiko kilicho mbele ya mashini, hutaja bei kwa dola, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Vijana wa studio za muziki, wanaotengeneza video za ndoa na wapenzi wa michezo ya kompyuta huongeza swali la pili: je, prosesa hiyo inaweza kupelekwa mbio kupita kasi iliyopangwa kiwandani?

Maswali hayo mawili yanagusa mfuko moja kwa moja. Anayekosea la kwanza anaweza kulipa bei ya i7 na kupata mashini inayopitwa na i3. Anayekosea la pili anaweza kuharibu vyombo vyake, ao kumaliza betri ya paneli ya jua kabla ya kazi kuisha.

Kasi ni mapigo

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Prosesa ya gigahezi 4 hupiga mara bilioni 4 kwa sekunde moja. Mapigo hayo yanatokana na hesabu rahisi: ubao mama hutoa mapigo ya msingi, ambayo kwa kompyuta nyingi za leo ni megahezi 100, kisha prosesa huyazidisha kwa namba fulani. Megahezi 100 zikizidishwa mara 40, zinatoa gigahezi 4.

Kuongeza kasi ni kubadilisha moja ya namba hizo mbili: kizidisho ao mapigo ya msingi. Mara nyingi inabidi pia kuongeza volti kidogo, kwa sababu mapigo ya haraka yanahitaji umeme wenye nguvu zaidi ili prosesa isikosee hesabu zake.

Kwa nini kiwanda kisiuze prosesa ikiwa tayari kwenye kasi yake ya mwisho? Jibu liko katika namna zinavyotengenezwa. Vipande vingi vya prosesa hukatwa kutoka sahani moja ya silikoni, na havitoki sawa. Kiwanda huvipima, kisha huvipanga kwa madaraja na bei. Lakini soko la bei ya chini ni kubwa. Ikiwa vipande vizuri vimekuwa vingi kuliko wateja wa bei ya juu, baadhi yake huandikwa kasi ndogo na kuuzwa rahisi. Hapo ndipo mteja mwenye bahati hupata nguvu ambayo hakuilipia.

Celeron ya mwaka 1998

Mfano unaokumbukwa sana ni Celeron 300A, ambayo kampuni ya Intel iliitoa mwezi wa nane mwaka 1998. Ilitangazwa kwa bei ya dola 149. Wakati huo huo Intel ilitoa Pentium II ya megahezi 450, kwa dola 669.

Celeron hiyo ilikuwa na kizidisho kilichofungwa kwenye 4.5. Juu ya mapigo ya msingi ya megahezi 66, ilitoa 300. Lakini ubao mama wa Pentium II uliweza kutoa mapigo ya msingi ya megahezi 100. Watu walipoweka Celeron juu ya ubao huo na kuchagua 100, hesabu ikawa wazi: mara 4.5, sawa na megahezi 450. Kwenye mbao nyingine, wengine walibandika kipande cha plasta juu ya pini moja tu ya prosesa ili ubao ukubali mapigo hayo.

Zaidi ya hayo, Celeron 300A ilikuwa na kumbukumbu ya ndani ya kilobaiti 128 iliyokwenda kwa kasi nzima ya prosesa. Ile ya Pentium II ilikuwa kubwa zaidi, kilobaiti 512, lakini ilikwenda nusu ya kasi. Katika kazi nyingi, chombo cha dola 149 kikatembea bega kwa bega na kile cha dola 669.

Wakati huo pia ulikuwa na upande wake mbaya. Walaghai walinunua prosesa za kasi ndogo, wakafuta maandishi, wakaandika kasi kubwa na kuziuza bei kali. Hiyo ni sababu moja iliyoifanya Intel ifunge vizidisho vya prosesa zake.

Herufi ndogo, tofauti kubwa

Leo ruhusa ya kuongeza kasi imeandikwa wazi katika jina la prosesa, kwa herufi inayofuata namba. Kwa Intel, herufi K, kama katika i5-12600K, inaonyesha kwamba kizidisho kimeachwa wazi. Lakini K peke yake haitoshi: ubao mama pia lazima uwe wa aina ya Z, kama Z690 ao Z790. Anayenunua K na kuiweka kwenye ubao wa aina ya H ao B amelipia kizidisho ambacho hatakigusa.

Herufi F ni mtego mwingine. Prosesa yenye F haina sehemu ya kutoa picha. Bila karata ya picha pembeni, kioo hubaki cheusi, na mteja hudhani ameuziwa chombo kibovu. Herufi T inaonyesha prosesa iliyopangwa kula umeme kidogo, kwa kawaida wati 35, na ambayo huenda polepole kazi inapokuwa nzito.

Kwa upande wa AMD, karibu Ryzen zote za kompyuta ya mezani zina kizidisho wazi, na mbao za aina ya B na X zinakubali, lakini zile za aina ya A, kama A320 ao A520, hazikubali. Kuna Ryzen ambazo haziko wazi, kama 5800X3D, kwa sababu kumbukumbu iliyoongezwa juu yake haipendi joto wala volti nyingi.

Kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk ao Lenovo ThinkCentre, zina shida nyingine. Ni mashini ngumu na zinadumu, lakini ubao mama wake haukutengenezwa kwa ajili ya kuongeza kasi, na alimentasio yake imepimwa kwa mashini ilivyotoka kiwandani. Ahadi ya kuipeleka mbio mashini ya namna hiyo haifai kulipiwa.

i7 ya zamani na i3 ya karibuni

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua kibandiko. Core i7-7700 ya mwaka 2017 ina viini 4, nyuzi 8, na inafika gigahezi 4.2. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina viini 4, nyuzi 8, na inafika gigahezi 4.3. Kwa karatasi zinafanana. Kwa kazi, i3 inaiacha nyuma i7, kwa sababu katika kila pigo moja inamaliza kazi nyingi zaidi. Kwa hiyo gigahezi hulinganishwa kati ya prosesa za kizazi kimoja tu.

Kwa kompyuta za mezani, kizazi cha Intel Core husomwa katika namba yenyewe. Kwa namba ya tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: i5-8500 ni ya kizazi cha 8. Kwa namba ya tarakimu tano, mbili za kwanza: i5-12400 ni ya kizazi cha 12.

Jambo hilo lina uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka, kwa sehemu kubwa, Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ao Ryzen ya kundi la 2000 kwenda juu. Ile i7-7700 haimo katika orodha. Hata i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini 6, ni ununuzi wenye akili zaidi kwa anayetafuta kompyuta iliyotumika.

Kabla ya kutoa pesa, mteja anaweza kuomba kompyuta iwashwe na kufungua CPU-Z, programu ya bure. Inasoma jina ndani ya prosesa yenyewe, wala si kwenye kibandiko.

Hesabu ya umeme

Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Tuseme kasi imeongezwa asilimia 10, na volti nazo zimetoka 1.20 hadi 1.32. Umeme unaoliwa na mapigo hayo unapanda karibu asilimia 33. Faida ni 10, gharama ni 33, na yote hiyo inageuka joto.

Kwa mwenye umeme wa uhakika, hilo ni suala la feni kubwa. Kwa anayetegemea betri, ni suala jingine. Ongezeko la wati 60 kwa masaa 8 ya kazi ni wati-saa 480. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 ikiwa mpya na imejaa. Sehemu mbili kati ya tano zimekwenda kwa ajili ya kasi ya ziada peke yake.

Joto nalo lina mambo yake hapa kwetu. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hali ya hewa ni ya baridi kuliko Uvira, Kalemie ao Kindu, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, na feni hubeba joto kidogo kuliko inavyobeba pwani. Ongeza vumbi, na kipoza joto kilichotosha mwaka jana huenda hakitoshi leo. Kukisafisha na kubadilisha pate ya kupitisha joto hurudisha kasi iliyopotea bila kugusa kizidisho chochote.

Volti zikizidi

Kwamba volti huua si hadithi. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuleta malalamiko: kompyuta kuzima na michezo kukatika. Mwezi wa saba mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba programu ya ndani ya prosesa ilikuwa ikiomba volti kupita kiasi. Marekebisho yalitolewa kuanzia mwezi wa nane, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Lakini marekebisho hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Anayeuziwa i7 ao i9 ya vizazi hivyo ikiwa imetumika anapaswa kuijaribu kwa kazi nzito kwa muda mrefu, na kuhakikisha kwamba BIOS ya ubao mama ni mpya.

Kwa anayetaka kujaribu

Njia salama ni ya polepole. Kwanza, BIOS mpya na kipoza joto kizuri. Pili, kupima joto la kawaida kwa programu kama HWiNFO wakati prosesa inafanya kazi nzito. Tatu, kuongeza kizidisho hatua moja, yaani megahezi 100, kisha kujaribu kwa Cinebench, OCCT ao Prime95. Joto likikaribia nyuzi 90, ao kompyuta ikizima, ni kurudi nyuma hatua moja. Volti ndizo za mwisho kuguswa, na kwa kiasi kidogo sana.

Kompyuta ikikataa kuwaka, njia inayojulikana ni kuchomoa waya wa umeme, kutoa ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama kwa dakika chache, kisha kuirudisha. Mipango ya BIOS hurudi kama ya kiwandani. Lakini Intel na AMD zote mbili zinaonya kwamba kuongeza kasi kunaweza kufuta dhamana.

Faida nayo imepungua. Ile Celeron ilipata asilimia 50. Prosesa za leo hujiongeza kasi zenyewe kila wakati joto na umeme vinaporuhusu, kwa hiyo anayeongeza kwa mkono hupata mara nyingi asilimia chache tu. Kompyuta inayofungua programu polepole itasaidiwa zaidi na diski ya SSD, ao na vipande viwili vya kumbukumbu mahali pa kimoja.

Kuna mafundi wanaofanya kinyume: wanapunguza volti na kuacha kasi ilivyo, ao wanaweka kikomo cha wati. Ryzen nyingi zina mpango wa namna hiyo unaoitwa Eco Mode, ambao unaweza kushusha prosesa ya wati 105 hadi 65. Kazi inapungua kidogo, joto linapungua sana. Kwa studio ao ofisi ya fotokopi inayofanya kazi kwa jenereta, huko ndiko pesa inakobaki mfukoni.

Na vyombo hivi si vya kutupwa ovyo. Bati ya kulehemu na tantalamu iliyomo ndani ya kompyuta ni katika madini yale yale yanayochimbwa Kivu na Maniema. Mwezi wa kwanza mwaka 2014 Intel ilitangaza kwamba prosesa zake hazitumii tena madini yanayolisha vita. Kompyuta inayosafishwa, isiyochomwa kwa volti, inaweza kufanya kazi miaka kumi. Mwenye nayo hana sababu ya kurudi dukani kila mwaka kuulizwa tena: i3, i5 ao i7?