Nishati katika Bembea

Bila shaka umewaona watoto wakibembea chini ya mwembe. Kamba hufungwa tawini, na chini huwekwa ubao wa kukalia. Katika mchezo huu yamo mambo ambayo mzazi anafaa kuyajua.

Tuseme mtoto ana kilo 20. Unamvuta nyuma mpaka anapanda mita 1 juu ya pale alipokuwa. Hapo umefanya kazi. Kazi hupimwa kwa jouli. Kuinua kilo 1 kwa mita 1 ni kazi ya jouli 10 hivi. Basi wewe umefanya kazi ya jouli 200.

Ukimpandisha kwa sekunde 2, au polepole kwa sekunde 4, kazi ni ile ile. Kinachotofautiana ni wepesi wa kuifanya. Wepesi huo huitwa uwezo, nao hupimwa kwa wati, neno lile linaloandikwa kwenye taa za umeme. Mara ya kwanza uwezo wako ni wati 100. Mara ya pili ni wati 50.

Je, jouli hizo 200 zimekwenda wapi? Hazikupotea. Mtoto anazo, kwa sababu yuko juu. Hiyo ndiyo nishati. Ukimwachia, nishati ya kuwa juu hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Afikapo chini kabisa huenda zaidi ya mita 4 kwa sekunde, kama baiskeli iliyokazana. Kisha hupanda upande wa pili, na mwendo hugeuka tena kuwa kimo. Hewa na msuguano wa kamba hula nishati kidogo kidogo. Ndiyo sababu hachoki kukuambia, "Nisukume tena!"

Wengi huogopa bembea ikiwa juu. Lakini kasi kubwa iko chini, pale pale mtoto mwingine anapopenda kukatiza. Chora mstari ardhini, mbali na njia ya bembea. Wanaosubiri zamu wakae nje yake.

Kamba nayo huvutwa zaidi hapo chini. Ikiwa ina urefu wa mita 2, mtoto wetu wa kilo 20 huivuta kana kwamba imebeba kilo 40. Kwa hiyo usiridhike kwamba imembeba akiwa ametulia. Kwanza mtu mzima aning'inie, miguu ikiwa karibu na ardhi. Kamba ya katani iliyonyeshewa miezi mingi huweza kuoza ndani huku nje ikionekana nzima. Isokotoe kidogo, ifumue, uangalie nyuzi za katikati.