Majivu ya Makumbi Si ya Kutupwa Jaani

Marehemu bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa akitupa majivu jaani. Kila asubuhi akishayazoa mekoni, huyachota kwa kifuu akaenda kuyanyunyiza kwenye migomba ya uani. Sisi watoto wa chuo tulimcheka, tukidhani ni mambo ya uzee. Leo nami nimepita hamsini, na kicheko kile kimenirudia.

Kumbi la nazi, ambalo kwetu hurundikwa hata likawa maskani ya nyoka, likichomwa huacha majivu yenye potasiamu tele, nayo ndiyo lishe itakiwayo mno na mnazi na mgomba. Hata jina hilo asili yake ni majivu: Wazungu wa zamani waliyachuja kwa maji, wakayachemsha maji yale vyunguni, na chumvi iliyobaki wakaiita “jivu la chungu”. Majivu ya magunzi ya mahindi nayo si haba. Ya kumvi za mpunga ni hafifu, kwani sehemu yake kubwa ni kitu cha jinsi ya mchanga.

Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, kabla ya ruzuku ya serikali kuushusha hadi 3,500. Kwa mwenye migomba kumi, hata hizo ni fedha.

Lakini, ndugu msomaji, nisije nikakupoteza. Naitrojeni huishia motoni. Mchicha ukipauka, jivu haliuponyi. Tafuta samadi ya mbuzi. Wala usiliteketeze shamba kwa tamaa ya majivu: majani laini yaache yaoze, makumbi na magunzi yapikie kwanza.

Tena usiyachanganye na mbolea ya dukani. Mimi niliyakoroga pamoja na CAN katika ndoo yenye unyevu, harufu ikanipanda puani kama ya zizi la punda. Ilikuwa ni naitrojeni niliyoinunua, ikiniaga.

Jivu lina tabia ya chokaa. Aliyelima juu ya matumbawe, ambako chokaa tayari imejaa ardhini, asilizidishe. Mwenye mchanga uliooshwa na mvua ndiye atakayefaidi. Konzi mbili zatosha, zizunguke shina bila kuligusa, zifukiwe kidogo kwa jembe. Na lihifadhiwe pakavu, maana likinyeshewa potasiamu huyeyuka ikaenda na maji. Siku za masika bibi aliyaweka majivu yake katika mtungi uliovunjika mdomo, kaufunika kwa kawa kuukuu, na ole wake mtoto aliyeugusa.