Taa za Ramadhani na Redio Iliyomeza Adhana

Ramadhani iliyopita tulialikwa futari Kariobangi, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa, anayeishi na mwanawe na wajukuu katika ghorofa ya tatu. Hata tende hazijaandaliwa, alitueleza dhiki yake. Kila jioni, kiasi cha robo saa kabla ya magharibi, redio yake huanza kunguruma kama mzinga wa nyuki, na sauti ya muadhini huzama humo. Msikiti haupo mbali, lakini honi za matatu humeza sauti ya kipaza sauti kabla haijafika dirishani kwake. Siku moja redio ilipokataa kabisa, alimpigia simu dada yake aliyeko Mombasa, akaisikia adhana ya huko, akafuturu.

Hapo tulishtuka. Mombasa iko mashariki ya Nairobi, na jua huko hutangulia kutua kwa takriban dakika 11. Tulimweleza kwa upole kwamba hana dhambi, kwani hakukusudia, ila kwa madhehebu yetu ya Shafi siku ile inampasa ailipe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe redio hii imenilia saumu yangu, sheikh."

Mwanawe alikuwa amewashuku mafundi wa kuchomelea vyuma wa Light Industries. Ni kweli kwamba cheche za kuchomelea huchafua mawimbi ya redio. Lakini mafundi wengi hufunga kazi jioni, na mngurumo ulianza saa hiyo hiyo wao wanapokwenda zao. Jirani wa ghorofa ya chini, Mkristo mwenye televisheni kubwa, naye alishukiwa, na maneno yalikwisha kuanza kupita ngazini. Kumdhania jirani ni jambo jepesi mno, nasi Waislamu tumeusiwa sana juu ya haki yake.

Tulipotupa macho dirishani tuliona taa za mapambo za mwezi na nyota, walizozitundika wajukuu kwa furaha ya mwezi mtukufu. Tukauliza huwashwa saa ngapi. Mjukuu mdogo akajibu: "Nyanya akianza kupanga vikombe."

Si taa zenyewe zenye kosa. Umeme wa majumbani Kenya ni wa volti 240, na taa hizi ndogo za LED huhitaji volti chache tu. Kazi ya kuupunguza hufanywa na adapta, ambayo huukata umeme na kuuunga maelfu ya mara kwa sekunde moja. Mkato huo huzaa mawimbi ya kelele. Adapta iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa na kichujio cha kuyazuia. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi haina. Kisha waya mrefu wa taa, uliozungushwa dirisha zima, hugeuka antena ya kuirusha kelele hiyo. Wala si tatizo la Kariobangi pekee: Disemba 2015 Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, iliwatahadharisha watu kwamba taa za Krismasi ni miongoni mwa vitu viwezavyo kudhoofisha Wi-Fi nyumbani.

Tulitaka hakika, si dhana. Tulichomoa redio ukutani, tukaitia betri, tukatembea nayo chumba hadi chumba. Tulipolikaribia dirisha ilinguruma zaidi. Tukachomoa taa: kimya. Tukazirudisha: nyuki wakarudi. Kisha tukabonyeza kidude cha kubadilisha mitindo, taa zikaacha kumetameta na kuwaka moja kwa moja. Mngurumo ukapungua nusu, haukwisha. Lau redio ingetulia ilipotiwa betri tu, tungejua kelele inapita katika nyaya za umeme za nyumba. Lau ingeendelea hata baada ya kuzima swichi kuu ya nyumba, hapo ndipo tungebisha hodi kwa jirani, tena kwa salamu.

Siku ya pili mwanawe alinunua adapta nyingine. Akina mama, jambo hili msilikisie: volti ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, ampea zisipungue, na chanya na hasi zisibadilishane. Waya wa taa ukaondolewa karibu na waya wa antena, na redio ikahamishiwa upande wa pili wa sebule. Pakibaki mngurumo kidogo, fundi huweza kubana kipande cha feraiti kwenye waya. Ndicho kile kivimbe cheusi mnachokiona katika baadhi ya nyaya za kompyuta. Katika televisheni ya king'amuzi dalili ni nyingine: picha hukatikakatika miraba miraba au huganda.

Adapta ikitoa joto kali au harufu ya kuungua, au soketi ikitoa cheche, hilo halihusu redio tena. Zimeni, chomoeni, mwiteni fundi wa umeme, na watoto wasiifungue.

Jioni ile ya pili mama alitupigia simu, nasi tukaisikia adhana ya Nairobi nyuma ya sauti yake, safi. Nyota za wajukuu zilikuwa zinawaka. Deni lake la siku moja alililipa katika Shawwal, na jirani wa chini alipelekewa sahani ya mahamri.