Piano ikikosa sauti za juu, tazama daraja kwanza

Mvua za masika zikishapita, kijiji chetu cha Ihanja hukaa miezi mingi bila tone. Upepo wa Unyaturu hukausha midomo, hupasua visigino, hulegeza milango ya mbao kwenye miimo yake. Piano kuukuu ikiletwa huku kwa ajili ya kwaya, nayo itakauka, na itaumia hasa pale wengi wasipopatazama: kwenye daraja la sauti za juu.

Daraja ni kipande cha mbao ngumu kilichogundishwa juu ya ubao wa sauti. Kila uzi hupita juu yake ukibanwa na misumari miwili midogo, mmoja huku mmoja kule, ili upindike kidogo na utulie. Huko juu noti moja ina nyuzi tatu. Uzi wa mwisho kabisa hulia kwenye urefu wa sentimita 5 hivi, ukivutwa kwa nguvu ya karibu kilo 70. Misumari imesongamana. Mbao ikisinyaa, ufa huanzia kwenye tundu moja, ukakimbilia la pili, mpaka mstari mzima umeachana. Msumari ukianza kucheza, noti hutetema, na haitatulia hata ukikaza vigingi vya nyuzi kutwa nzima.

Kwa hiyo anayekimbilia kununua nyuzi mpya anatupa fedha za waumini. Fundi makini hulegeza nyuzi kidogo kidogo, huku na huku, kwa kuwa piano kubwa hubeba mvuto unaofikia tani 20, na fremu ya chuma haifai kuelemewa upande mmoja. Nyufa nyembamba huzijaza epoksi, akarudisha misumari. Daraja likiwa limesambaratika, hunakili matundu yote kwenye karatasi kwa kusugua penseli, ndipo achonge jipya. Asishawishike na mpingo wetu: ni mzito mno, utameza sauti.

Huku kwetu adui wa daraja ni ukavu; Zanzibar adui ni unyevu. Ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu, daraja lake husimama juu ya ngozi. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, daraja likadidimia, sauti za nyuzi zote zikashuka.

Piano iliyofungwa nyuzi mpya baada ya daraja kutengenezwa nayo hushuka sauti, maana waya huendelea kunyooka kwa miezi. Kamati inayopanga bajeti ya matengenezo iweke humo nauli ya fundi kurudi mara tatu au nne mwaka wa kwanza, na piano isogezwe mbali na dirisha la jua.