Gilbert White na kitendawili cha tuta la mto

Hebu fikiria mto unaofurika kila baada ya miaka michache. Serikali inajenga tuta refu ukingoni, maji yanazuiwa, watu wanashangilia. Miaka ishirini baadaye, hasara ya mafuriko ni kubwa kuliko ya mwanzo. Imekuwaje?

Swali hili lilimshughulisha Gilbert F. White (1911–2006), mwanajiografia wa Marekani. Miaka ya 1930, akiwa bado kijana, alifanya kazi serikalini Washington, kipindi ambacho nchi ilikuwa inamwaga fedha kwenye mabwawa na matuta. Katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Chicago, 1942, alijenga hoja hii: mvua inaleta mafuriko, ila ukubwa wa hasara unatokana sana na maamuzi ya watu.

Iko hivi. Tuta linazuia mafuriko madogo, yale ya mara kwa mara. Watu wanaacha kuogopa, wanajenga nyumba, maduka, viwanda. Siku inakuja mvua isiyo ya kawaida, maji yanapita juu ya tuta au yanalibomoa, na safari hii yanakuta mji mahali palipokuwa na mashamba tu.

White hakusema matuta yasijengwe. Alisema tusitegemee dawa moja. Kuna tahadhari za mapema, nyumba zilizoinuliwa, bima, na kanuni za nani ajenge wapi. Mwaka 1966 aliongoza kikosi kazi cha serikali kuhusu mafuriko, na mwaka 1968 Marekani ikaanzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko. Mwaka 1976 akaanzisha kituo cha utafiti wa majanga pale Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Kipo hadi leo.

Na kwetu alifika. Yeye, mkewe Anne na David Bradley walichunguza jinsi kaya za Kenya, Uganda na Tanzania zinavyopata maji, wakatoa kitabu *Drawers of Water* mwaka 1972. Mtazamo ni uleule: kabla ya kumlaumu mtu, jua kwanza ana machaguo gani.

Kwa hiyo masika yakifika, Jangwani ikajaa maji na ukasikia "si waliambiwa wahame", uliza: wahamie wapi, kwa kodi ya shilingi ngapi, na kibarua kiko umbali gani? Anayepanga sera ya mafuriko anayahitaji majibu hayo sawa na anavyohitaji vipimo vya mvua.